Kuonyesha na Kufikisha: Arifa za Java kwenye Ofisi za Mwambao wa Tanganyika

Anayeandika programu kwa Java na kutaka ujumbe mfupi uibuke pembeni mwa skrini ana amri moja ya kutumia, displayMessage. Anaipa kichwa cha habari, maneno yenyewe na aina ya ujumbe, kazi imekwisha. Lakini amri hiyo hairudishi jibu lolote. Haisemi kama ujumbe umeonekana, kama umesomwa, wala kama kulikuwa na mtu mbele ya kompyuta. Kwa programu ya kucheza muziki hilo halina neno: wimbo umebadilika, ukijua sawa, usipojua sawa. Kwa ofisi ya bandari ya Kigoma, au kwa viongozi wa kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo (BMU) huko Kibirizi, ambako ujumbe unaweza kuwa wa upepo unaokuja ziwani usiku huohuo, upungufu huo ndio kiini cha swali.

Tuchukue mfano wa kubuni tutakaoupima mpaka mwisho: programu ndogo ya Java inayokaa kwenye kompyuta ya ofisi ya mwalo, inapokea taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu Ziwa Tanganyika, na kuzionyesha kwa mtumishi aliyepo. Je, trei ya kompyuta, ile pembe ya chini kulia karibu na saa, inafaa kubebeshwa kazi hiyo? Inafaa kwa sehemu, na sehemu yenyewe ni ndogo kuliko waandishi wengi wa programu wanavyodhani.

Amri moja, mifumo mingi

Trei ilianza na Windows 95. Windows 2000 ikaongeza kiputo cha maneno kinachochomoza juu ya ikoni. Java ilichelewa. Waliotaka trei walitegemea JDIC, mradi wa Sun Microsystems wa kuiunganisha Java na mazingira ya kompyuta ya mezani, au waliandika kipande cha C pembeni. Java 6, iliyotoka Desemba 2006, ndiyo iliyoingiza rasmi klasi mbili, SystemTray na TrayIcon. Utaratibu wake haujabadilika tangu hapo: uliza kwanza kama mfumo una trei, iombe, tengeneza ikoni, iweke, kisha toa ujumbe. Aina za ujumbe ni nne: kosa, onyo, taarifa, na ujumbe usio na alama.

Nyaraka rasmi za Java hazimdanganyi mtu. Zinasema wazi kuwa si kila mfumo utaonyesha ujumbe huo, kwamba mingine itakata maneno, na kwamba kubofya ujumbe kunaweza kuamsha tukio ndani ya programu. Neno "kunaweza" ni la kutiliwa maanani. Java inapeleka ombi tu; mwenye skrini ni Windows, macOS au Linux, na kila mmoja ana desturi zake.

Windows, kwa mfano, hupokea ombi hilo kwa muundo wake wa zamani wenye nafasi ya herufi 63 za kichwa na 255 za maneno. Nyingi? Tuandike ujumbe kwa mtindo tuliouzoea redioni: "Upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 vinatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya Ziwa Tanganyika. Athari zinazoweza kujitokeza ni kusimama kwa baadhi ya shughuli za uvuvi na usafirishaji majini." Hapo zimeshatumika herufi zaidi ya 230, na bado hatujataja muda wala cha kufanya. Ukiongeza sentensi moja tu, mkia unakatwa, na mkia ndio uliobeba hatua. Kwa hiyo ujumbe wa trei haufai kunakiliwa kutoka kwenye taarifa ndefu. Unaandikwa upya, hatua na saa zikitangulia: "Leo kuanzia saa 3 usiku mitumbwi isitoke. Upepo km 40 kwa saa, mawimbi m 2." Maelezo mengine yakae ndani ya programu yenyewe.

Mahali arifa inapopotelea

Sehemu ya kwanza ni jina la mtumaji. Kwenye Windows 10 na 11, kiputo cha Java hugeuzwa kuwa arifa ya kisasa, na Windows huandika kwamba imetoka kwa "OpenJDK Platform binary". Mtumishi wa ofisi anamfahamu TMA, anamfahamu mkuu wake wa kazi. Huyo OpenJDK ni nani? Ataifunga, na pengine atazima kabisa arifa za mtumaji huyo asiyemjua, akidhani anajikinga na virusi. Dawa yake ni kuifungasha programu kwa jpackage, zana iliyokamilika kwenye Java 16 mwaka 2021, ili iwe na faili lake la kuendeshea, jina lake na ikoni yake.

Sehemu ya pili ni ikoni kufichwa. Windows huzikusanya ikoni mpya nyuma ya kishale, na mtumiaji asipozivuta nje mwenyewe hazioni. Ya tatu ni hali ya Usinisumbue. Mtu aliyeiwasha wakati wa kikao cha mtandaoni na kusahau kuizima hatapata kitu, na programu haitajua.

Kwenye Linux kuna tatizo la mizizi. Java huiweka ikoni kwa itifaki ya zamani ya trei, na mazingira ya GNOME yaliiondoa trei hiyo kwenye toleo la 3.26, Septemba 2017. Ubuntu imejaribu kuziba pengo kwa kiongezi chake. Kwenye GNOME isiyo na kiongezi cha namna hiyo, programu inauliza kama trei ipo na kujibiwa hapana. Aliyeandika msimbo bila kuuliza swali hilo kwanza anaona programu yake inaanguka.

Kosa linalowapata hata mafundi wazoefu ni la kuiendesha programu kama huduma ya Windows, ili ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Wazo linaeleweka. Mji wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kuanza kuufikia mkoa mwaka 2022, na kukatika kwa umeme si habari ngeni. Lakini tangu Windows Vista, huduma huendeshwa kwenye kikao chake chenyewe, mbali na skrini ya mtumiaji. Programu inafanya kazi, kumbukumbu zake zinaandika kuwa kila kitu ni shwari, na hakuna jicho la binadamu linaloona ikoni. Vivyo hivyo kwa seva. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya nchini, upande wake wa seva umeandikwa kwa Java, lakini seva haina mtu wa kuitazama. Mifumo ya namna hiyo hutuma ujumbe wa simu au barua pepe, na iko sahihi. Kwa programu yetu suluhisho ni kuigawa mara mbili: huduma inayokusanya taarifa bila skrini, na kipande chepesi kinachoamka mtumishi anapoingia kwenye akaunti yake, chenye kazi moja tu ya kuonyesha.

Njia nyingine, kwa ufupi

Ziko njia za kupita pembeni. Kwenye Linux programu inaweza kuita notify-send, inayoongea moja kwa moja na mfumo wa arifa wa mazingira husika na kukubali viwango vitatu vya uharaka. Arifa ya kiwango cha juu kabisa haitakiwi kujifuta yenyewe hadi mtu aifunge. Kwenye macOS inaweza kuita osascript, ingawa arifa itaonekana imetoka kwa kihariri cha skripti. Wanaotumia SWT, maktaba ya madirisha iliyozaliwa na Eclipse, wana trei yao. Kila moja huondoa tatizo moja na kuleta utegemezi mwingine.

Njia inayodharauliwa ni dirisha dogo la Swing, maktaba ya madirisha ya Java yenyewe, lililowekwa kukaa juu ya mengine yote. Halipendezi kama arifa za kisasa. Lakini hufanya kazi popote penye skrini, halikati maneno, halijifuti, na juu ya yote linaweza kubeba kitufe cha "Nimepokea". Kitufe hicho ndicho jibu ambalo displayMessage haikutoa.

Rangi tatu na alama nne

TMA hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Tena hutaja mambo mawili kando: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Mwandishi wa programu akitazama alama za Java atashawishika kuzioanisha: njano iwe taarifa, chungwa iwe onyo, nyekundu iwe kosa. Hapo pana mtego. Alama ya kosa, duara jekundu lenye mkato mweupe, kwa kila aliyetumia Windows ina maana moja: kompyuta imeharibika. Tahadhari kubwa ya ziwani ikija na alama hiyo, mtumishi atamwita fundi wa kompyuta wakati aliyetakiwa kuitwa ni mwenyekiti wa BMU.

Uoanishaji unaofaa hautazami rangi, unatazama kinachotakiwa kufanyika. Angalizo linaweza kupita kwenye trei kama taarifa na kubaki kwenye orodha. Tahadhari ipite kwenye trei kama onyo, na ikoni ibaki na rangi ya chungwa mpaka ifunguliwe. Tahadhari kubwa isitegemee trei hata kidogo: ije na dirisha lake, lisiloondoka bila kubofya "Nimepokea". Hapa kiwango cha kimataifa cha tahadhari, CAP, ambacho toleo lake la 1.2 lilipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2010, kina msaada mkubwa. Hutenganisha uharaka, ukali na uhakika, na kina mahali pa kuandika muda wa ujumbe kuisha. Hili la mwisho husahauliwa. Kompyuta iliyozimwa jana mchana ikiwashwa leo asubuhi haipaswi kuonyesha upepo wa usiku uliokwisha kupita. Inapaswa kuuliza kipi bado kina nguvu na kuonyesha hicho pekee.

Arifa zikizidi, watu huacha kuzisoma, na kujizuia ni sehemu ya ufundi. Wenye maji wanajua nani yuko ziwani na lini. Wavuvi wa dagaa na migebuka huvua usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri na sola, na mbalamwezi ikiwa kamili wengi hupumzika kwa kuwa taa haivuti samaki. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hulichafua ziwa. Mwaka 2024 uvuvi wa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo mlengwa mkuu wa tahadhari ya upepo alikuwa abiria na nahodha wa boti zinazotoka Kibirizi kwenda Gombe na Kagunga. Programu inayojua kalenda hiyo hubadilisha maneno na mlengwa, wala haipigi kelele ileile mwaka mzima.

Saa ya ziwa na saa ya kompyuta

Kwa msomaji wa Kiswahili, hatari kubwa kuliko zote imejificha kwenye saa. Tangu Java 16 mwandishi wa programu anaweza kuomba muda uandikwe pamoja na kipindi cha siku, na data ya lugha iliyomo itamletea maneno asubuhi, mchana, jioni, usiku. Akiipa 21:00 kwa Kiswahili atapata "9:00 usiku". Maneno ni ya Kiswahili, hesabu ni ya Kiingereza. Mvuvi wa mwalo wa Katonga akisoma au kusomewa saa 9 usiku ataelewa ile saa kabla ya alfajiri, wakati nyavu zinakaribia kupandishwa mara ya mwisho. Atatoka jioni akiamini ana usiku mzima mbele yake, na upepo utamkuta saa 3 usiku. Hitilafu ya saa sita, kwenye ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, haiwezi kuitwa kosa la tafsiri.

Tiba ni mistari michache: hesabu saa kwa kuondoa sita, lakini neno la kipindi lichaguliwe kwa muda halisi. Kisha siku. Saa 9 usiku ya Jumatano kwa kalenda ya kompyuta ni "usiku wa kuamkia Jumatano" kwa wasemaji, na ukiandika "Jumatano saa 9 usiku" nusu ya wasomaji watangoja usiku unaofuata. Fungu la "kuamkia" linapaswa kuwekwa na programu yenyewe kwa kila muda ulio kati ya saa 6 usiku na alfajiri.

Halafu kuna ng'ambo. Ziwa ni la nchi nne, na Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 unazitaja zote: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tanzania pekee ndiyo iliyo saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC). Kalemie, Bujumbura na Mpulungu ziko saa mbili mbele. Saa 3 usiku ya Kigoma ni saa 2 usiku ya Kalemie. Boti ya mizigo iliyotoka upande mmoja na ujumbe uliotoka upande wa pili vinaweza kupishana kwa saa nzima bila mtu kukosea. Programu ihifadhi muda kwa saa ya dunia, iugeuze kuwa wa mahali pale tu inapoonyesha, na itaje mahali penyewe: "saa 3 usiku, saa za Kigoma".

Hata neno ng'ambo lina mtego wake. Wengi huandika kwenye programu za ofisi zinazopinda alama ya ritifaa. Ikinakiliwa kwenye faili la msimbo na kukusanywa kwenye Windows kwa Java ya kabla ya toleo la 18, pasipo kutajwa usimbaji wa UTF-8, arifa inaweza kutokea ikisomeka "boti za ngâ€™ambo". Tangu Java 18, mwaka 2022, UTF-8 ndiyo chaguo la awali kila mahali. Kwa ofisi zenye Java ya zamani, njia nyepesi ni kutumia ritifaa iliyonyooka. Ujumbe wenye takataka katikati haupotezi neno moja tu. Unapoteza imani ya msomaji kwa mtumaji.

Baada ya skrini

Tuseme yote hayo yamerekebishwa. Jina la mtumaji ni sahihi, saa ni sahihi, dirisha limekaa katikati ya skrini. Bado kuna pengo ambalo msimbo mzuri hauzibi: ofisi na uvuvi wa usiku vina zamu zinazopishana. Ofisi inafungwa alasiri, mitumbwi inatoka jua likizama. Tahadhari iliyoingia saa 2 usiku itaonyeshwa vizuri kabisa kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli. Pengo hilo ni la mahali pia. Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokimbilia Kagunga na kipindupindu kikazuka, kijiji hicho hakikuwa na njia ya kufikika isipokuwa ya maji. Wagonjwa walikuwa huko, maamuzi yalikuwa mjini Kigoma, na meli ya MV Liemba ndiyo iliyopewa kazi ya kuwasafirisha wakimbizi. Skrini iliyo mjini haiko Kagunga, na iliyo ofisini haiko ndani ya mtumbwi.

Kwa hiyo programu ijengwe kwa mpangilio ambao trei ni hatua ya tatu. Kwanza ihifadhi ujumbe kwenye hazina yake ya data, ili umeme ukikatika usipotee. Pili ipime: bado una nguvu? Ni wa nani? Mitumbwi imeshatoka? Tatu ionyeshe, kwa trei au kwa dirisha kulingana na uzito. Nne ingoje "Nimepokea" na kuandika nani kabofya na saa ngapi. Tano, muda uliopangwa ukipita bila jibu, ujumbe uhamie kwenye simu: SMS kwa viongozi wa mwalo, na kwa tahadhari kubwa mtu apigiwe mpaka apokee. Usiku na siku za mapumziko hatua ya tatu irukwe, iende moja kwa moja kwenye simu. Na kila jioni kabla ya saa 11, mitumbwi ikiwa bado mchangani, programu itoe muhtasari wa usiku unaokuja hata kama hakuna tahadhari, maana ukimya wa kompyuta unaweza kuwa na maana mbili: ziwa ni shwari, au intaneti imekatika tangu asubuhi. Tarehe na saa ya mara ya mwisho kuwasiliana na seva iwepo wazi kwenye ikoni, na ikipita saa kadhaa bila mawasiliano ikoni igeuke kijivu.

Ukizijumlisha gharama, displayMessage ni mstari mmoja wa msimbo na yaliyobaki ni mamia. Ndiyo maana programu nyingi huishia kwenye mstari huo. Kwa arifa za kawaida za ofisi, ripoti imekamilika, faili limepakuliwa, karatasi imekwisha kwenye printa, mstari mmoja unatosha na kuongeza zaidi ni kumsumbua mtu bure. Ila pale ambapo asiyepata ujumbe anaweza kuwa majini, mwandishi wa programu anapaswa kuhesabu kazi yake kuwa imekwisha pale jina la aliyepokea linapoonekana kwenye kumbukumbu. Na kama jina halipo, programu iendelee kutafuta mtu wa kumwambia.